Kundi Chini ya Vigoda

Shemeji yangu Bachis ni mchungaji. Nasema mchungaji wa kondoo, si wa waumini. Waumini wana padri wao, na padri mwenyewe akimwona Bachis kanisani siku isiyo ya mazishi hutazama juu kwanza, kuhakikisha paa liko salama. Ni mdogo wake marehemu mume wangu. Hakuoa, hana mtoto, na maneno yake ni machache kiasi kwamba alipokuwa kijana wasichana wa kijiji chetu cha Oddorai walidhani ni bubu mwenye sura nzuri. Walipokuja kugundua kuwa si bubu, sura nayo ilikuwa imeshaanza kwenda zake.

Nina haki ya kumsema. Mtu na shemeji yake ni watani, tena mimi nimemlisha mikate tangu nilipoolewa katika ukoo wao. Kazi yangu ni tanuri. Naoka ile mikate yetu myembamba, mikavu, ambayo mchungaji huitia mkobani akapanda nayo mlimani na isiote ukungu mpaka ashuke. Nyumba yangu ni unga, nguo zangu ni unga, nywele zangu sikumbuki tena zilikuwa rangi gani. Ndiyo maana Bachis, katika maneno yake yale machache, alitoa moja la kunipachika: Faghefarina. Kwa lugha yetu maana yake ni mfanya-unga, na ndivyo tunavyomwita kipepeo, kwa kuwa ukimshika anakuachia unga vidoleni. Mwanamke mwingine angefurahi kuitwa kipepeo. Mimi, kwa umbo hili alilonijalia Mungu, nilijua wazi kwamba nachekwa.

Mbali na kondoo, Bachis ana mteremko. Unaitwa Sa Costera, uko juu ya kijiji, mawe matupu na shamari-mwitu. Si shamari ya kutia kwenye kitoweo hii. Inarefuka ikampita mtu, ina majani mepesi kama manyoya na vichwa vya maua ya manjano, na kondoo akiila wakati wa njaa damu humtoka puani mpaka anakufa. Kwa hiyo kila mwenye kondoo kwetu huichoma. Baba yake Bachis aliichoma, babu yake aliichoma, na Bachis mwenyewe ujanani aliichoma kwa bidii. Halafu mwaka mmoja akaacha.

"Naiachia uyoga," alijibu watu walipomuuliza.

Ni kweli kwamba mvua za vuli zikinyesha, kwenye mashina ya shamari yaliyooza huota uyoga mnene, mtamu, ambao mtu wa kwetu yuko radhi kumdanganya mama yake mzazi kuhusu mahali alipouokota. Basi watu wakaridhika. Uyoga ni sababu ya kiume.

Nami niliridhika, mpaka Januari ya mwaka ule wa theluji nyingi. Bachis hutengeneza vigoda kwa mabua makavu ya shamari hiyo hiyo. Ni vyepesi, unakibeba kimoja kwa kidole, na hakuna nyumba Oddorai isiyo na kigoda chake. Alikuwa amenitengenezea kipya cha kukalia mbele ya tanuri. Asubuhi moja niko nacho, nasukuma donge, nikahisi kitu kinatambaa kwenye aproni yangu. Nikadhani panya. Nikaruka, na mimi si mtu wa kurukaruka. Kumbe ni kidudu kimekunjamana, kimelowa, kinapanda taratibu kuelekea kifuani. Kikatulia pale kwenye joto la tanuri, kikajikunjua, kikawa kipepeo wa manjano mwenye michirizi myeusi, vumbi la buluu nyuma, na doa jekundu kwa kila bawa. Akapepea mara moja, mara mbili, akaruka, akatua katikati ya unga wangu.

Faghefarina ndani ya unga! Nilicheka hadi machozi. Nikamwita Bachis aje aone utani wake mwenyewe ulivyoota mabawa.

Alikuja. Hakucheka. Alivua kofia.

"Nje kuna maua?" akauliza.

"Theluji imefika magotini, shemeji. Maua yatoke wapi?"

"Atakufa, basi."

Akachanganya asali na maji, akachovya ncha ya unyasi, akakaa jikoni kwangu akimnywesha yule kipepeo kama mtu anayemlea mwanakondoo aliyefiwa na mama. Sikuweza kuoka. Nilimwambia aondoke, akawa kiziwi pamoja na ububu wake. Yule kipepeo hakumaliza siku mbili. Alipokufa, Bachis alijifuta pua kwa mkono wa koti, na mimi niliyemwona akimzika kaka yake bila kupepesa jicho, nikaona jicho limelowa. Ndipo nilipoacha kucheka.

"Kosa langu," alisema. "Alikuwa amelala kwenye bua, ndani ya kifukofuko chake. Mimi nikakileta kigoda ndani. Akahisi joto la tanuri lako akadhani ni Mei."

"Na ule uyoga wako?"

"Uyoga nao mtamu."

Baadaye, neno moja leo, moja kesho, nikapata kisa chote. Kipepeo huyu hayupo duniani ila kisiwani kwetu na kile cha jirani upande wa kaskazini. Viwavi wake kwenye mlima wetu hawali kitu ila shamari. Bachis aliwaona siku aliyokuwa akichoma: wamejipanga juu ya jani moja ambalo moto ulikuwa haujalifikia, wanatafuna kana kwamba wana miaka mia mbele yao. Akazima moto kwa koti lake. Tangu siku ile hakuwasha tena. "Wao ndio watu wangu," aliniambia, akitazama pembeni. Mwezi wa Juni akanipandisha Sa Costera kunionyesha. Kiwavi wa kijani, mistari myeusi, vidoa vya rangi ya chungwa. Nikamgusa kwa kidole, akatoa pembe mbili laini kichwani, zinanuka kama siagi iliyochacha.

"Unaona?" Bachis akasema kwa fahari. "Wana pembe. Ni mifugo."

Siri hiyo sikumwambia mtu ila mmoja. Kwa bahati mbaya huyo mmoja alikuwa Tatana, jirani yangu, ambaye ukimnong'oneza asubuhi, jioni unaisikia habari yako ikirudi na watoto. Jumapili iliyofuata kijiji kizima kilikuwa kikimwita Mchungaji wa Faghefarina.

"Mjomba Bachis, mwaka huu wamezaa wangapi?"

"Mjomba, jibini lao likiiva tutengee kidogo!"

"Na kuwakama je? Unatumia vidole au kibanio?"

Bachis alikunywa divai yake, akafuta mdomo, akaenda zake. Kondoo wetu, kila mmoja, hukatwa alama sikioni ili ajulikane ni wa nani. Hilo nalo likawa wimbo: mifugo ya Bachis haina masikio, basi ikiibiwa atamshtaki nani?

Mtu mmoja tu hakucheka. Naye ni Gonariu, mume wa Tatana, ambaye malisho yake yamepakana na Sa Costera. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya kuita mbwa aliye bonde la pili. Mwaka wa ukame, nyasi zilipokauka kabla ya wakati, kondoo wake walivuka mpaka wa malisho wakaingia kwenye shamari. Walikufa zaidi ya nusu ya zizi. Gonariu alikuja tanurini kwangu, ambako alijua Bachis huja kuchukua mikate, akasimama mlangoni akaziba mwanga wote.

"Unaniua, Bachis! Unaniua kwa ajili ya wadudu!"

"Pole, Gonariu."

"Pole haikamwi maziwa! Ichome ile takataka!"

"Siichomi."

"Wee mzee, una akili? Kondoo na kipepeo, nani ana faida?"

Bachis alifikiri kwa makini, kana kwamba ameulizwa swali la kweli. "Kwa nani?" akasema. Nilidhani Gonariu atampiga. Nilishika koleo la tanuri, sijui nilitaka kumpiga nani.

Sasa kwetu kuna jambo liitwalo paradura. Mchungaji akipotewa na kundi, kwa maradhi, wizi au moto, haombi. Anakaa nyumbani kwake. Siku moja wenzake wote wanafika mlangoni, kila mmoja na mtamba mzima, mwenye afya, wa kumwanzishia kundi jipya. Mtu haleti dume, wala haleti kilema. Aliyepewa hatoi shukrani. Anawalisha wageni wake, basi, na siku mwingine akifikwa, yeye naye anakwenda na wake. Tulimfanyia Gonariu paradura. Bachis naye alifika, na hakuleta mtamba mmoja. Alileta wawili, wazuri kuliko wote aliokuwa nao.

Gonariu aliwatazama wale kondoo, akamtazama Bachis. "Kondoo nimewapokea," akasema. "Lakini Sa Costera ichomwe."

Bachis hakuchoma. Alijenga ukuta. Jiwe juu ya jiwe, peke yake, kiangazi kizima, mpaka mteremko wote ukazungukwa na hata mbuzi mwenye nia mbaya asingeweza kupita. Gonariu aliupima ukuta kwa macho, akakosa kasoro, jambo lililomkera zaidi. Wakaacha kusemezana.

Macho ya Bachis ndiyo yaliyoanza kumsaliti baada ya hapo. Aliniita Tatana kwa mbali, na hilo sitalisahau. Nilimpeleka mjini kwa daktari, tukarudi na miwani, akaitia mfukoni na humo ikakaa pamoja na makombo ya mikate na kamba ya kufungia lango.

"Shemeji, miwani inavaliwa machoni."

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo."

"Sawa. Siku utakapotumbukia korongoni, huo moyo ukuonyeshe njia ya kutokea."

Mwaka huo huo alitengeneza vigoda vingi kuliko kawaida, kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wetu mwanzoni mwa Agosti, watu wapate kukaa uwanjani kusikiliza waimbaji. Tangu kile kifo cha jikoni kwangu alikuwa na utaratibu: kila bua alilikagua kwanza, na lenye kifukofuko alilirudisha Sa Costera mahali pake. Nilimwona akikagua. Alikuwa akilipapasa bua huku akitazama mawingu.

"Vaa miwani," nikamwambia.

"Vidole vinaona."

"Vidole vyako vina magamba kuliko kobe."

"Nimekagua, shemeji. Hakuna hata mmoja."

Akagawa vigoda nyumba kwa nyumba. Gonariu alipoletewa chake alisema, "Mimi sikalii sumu," akaingia ndani. Tatana akakichukua. Tatana hajawahi kukataa kitu cha bure.

Sikukuu ikapita vizuri. Siku chache baadaye upepo wa moto ukavuma kutoka kusini, ule unaokausha mate mdomoni, na kule chini kando ya barabara mashine ya kufyekea nyasi ikagonga jiwe ikatoa cheche. Moto ulipanda mlima haraka kuliko mtu. Tulikimbia wote, na magunia yaliyoloweshwa, na ndoo, na padri amekunja kanzu. Bachis alifungua zizi akawateremsha kondoo wake wote wakiwa hai, kisha akageuka akapanda tena, kuelekea moshi. Gonariu ndiye aliyemfuata. Alimshika ukosi wa koti akamburuta mpaka chini, Bachis akipiga mateke kama mwanakondoo anayepelekwa kunyolewa.

Jioni Sa Costera ilikuwa nyeusi tii. Ukuta ulibaki, unalinda majivu.

Watu wa kijiji ni watu wa kijiji. Macho yakaanza kumwendea Gonariu, polepole, moja baada ya jingine, kwa kuwa nani asiyekumbuka aliyepiga kelele ichomwe? Gonariu aliyaona, na lile jitu kubwa likarudi nyuma hatua moja. Bachis, uso mzima masizi, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa pamoja:

"Moto umetoka barabarani, nimeuona mwenyewe. Anayemtazama Gonariu anitazame mimi. Na kama ana neno, aniambie mimi."

Kisha akaenda nyumbani akafunga mlango.

Hakufungua. Kondoo walikamwa na majirani. Mikate niliyomwekea kizingitini niliikuta palepale, ndege wakiifaidi. Mwishowe niliingia kwa nguvu, maana mlango ule naujua, unahitaji bega tu. Alikuwa amekaa gizani.

"Shemeji, usijitese. Shamari haijafa. Mizizi iko chini sana, mvua ikinyesha itachipua."

"Itachipua," akasema. "Nani ataila?"

Vifukofuko vyake vyote vilikuwa vimelala kule, kwenye mabua na chini ya mawe, vikingoja Mei. Watu wake wote. Nilirudi kwangu nikalia, na donge langu siku ile lilitoka na chumvi nyingi, kila mtu alilalamika.

Baada ya siku kadhaa nilikuwa nimekaa mlangoni, juu ya kigoda changu kipya cha sikukuu, nashona gunia la unga. Sindano ikaanguka. Nikainama kuitafuta, kazi ambayo kwangu inahitaji mipango, na nikiwa kichwa chini nikakiona. Chini ya kigoda, kwenye pembe ya mabua mawili: kitu cha rangi ya kijiti kikavu, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, kimejifunga kiunoni kwa uzi mwembamba kama mtu aliyejiegemeza.

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini asiyevaa miwani je? Mzee yule alikuwa amekagua mabua yote ya kijiji kwa vidole vyenye magamba!

Nilipiga yowe. Tatana akatoka mbio.

"Mallena! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa! Pindua kigoda chako!"

"Nini?"

"Kipindue, mwanamke, kabla hujakikalia!"

Mchana ule Oddorai ilikuwa kichwa chini miguu juu. Watu wazima na heshima zao wamepiga magoti uwanjani, wanachungulia chini ya vigoda. Vilivyokuwa vitupu ni vingi, na waliokuta vitupu walikuwa wakali, kama walionyimwa urithi. Lakini kile cha padri kilikuwa na mmoja. Cha fundi viatu, mmoja. Bibi Pascasia, ambaye hasimami kabla rozari haijaisha, alituambia tusubiri, tukasubiri, tukazungukwa na wengine wanaosubiri, na alipoinuka hatimaye kigoda chake kilikuwa na mmoja, mzima, hajaguswa.

"Nilijua," akasema Bibi Pascasia. "Nilikuwa nimekaa upande."

Hapo wanaume wakaanza mjadala, kwa sababu wanaume wa kwetu hawawezi kubeba kitu kabla hawajakijadili.

"Hii ni paradura," akasema fundi viatu.

"Paradura ni ya mifugo."

"Wana pembe. Alisema mwenyewe wana pembe."

"Haya, tuseme ni mifugo. Paradura ni mitamba. Utajuaje kama huyu ni mtamba?"

Wakaviinamia vile vifukofuko, wakavichunguza kwa macho ya watu waliozaliwa zizini, wasione mahali pa kuanzia. Padri alisema Mungu anajua. Fundi viatu alisema Mungu anajua lakini hapa kijijini ni aibu kupeleka dume.

Kesho yake tulipanda kwa Bachis kila mtu na kigoda kichwani, mimi nimebeba kikapu cha mikate juu ya kigoda changu, kwa vile nilijua mzee hana cha kuwalisha wageni. Tatana alikuja mikono mitupu. Nilimuuliza kwa jicho.

"Mume wangu alikipeleka zizini," akasema, ameinamisha uso. "Jana namuuliza, anasema alishakitia motoni."

Bachis alifungua mlango. Alituona tumesimama na viti vyetu kama watu waliohamishwa. Hakuelewa. Mimi nikachukua mkono wake nikaupeleka chini ya kigoda changu, taratibu, mpaka kidole kikagusa. Kisha akaenda kwa padri akapapasa chake. Akaenda kwa fundi viatu. Akaenda kwa Bibi Pascasia, na wengine, mmoja mmoja, na kila alipogusa uso wake ulizidi kuharibika, mpaka nikalazimika kutazama mlima. Kwa desturi hakutakiwa kushukuru, na namshukuru Mungu kwa desturi hiyo, maana asingeweza.

"Vitupu vya nini?" aliuliza mwishowe, kwa kuwa waliokosa nao walikuwa wamekuja.

"Vya kukalia," wakamjibu. "Utatulisha tumesimama?"

Tukala mikate yangu na jibini lake. Tulikuwa tumefika katikati ya chakula mbwa walipobweka na Gonariu akatokea kutoka juu, kutoka zizini kwake, bila koti ingawa jua lilishapoa. Koti lilikuwa mikononi, limefunika kitu, amelikumbatia jinsi tunavyomteremsha mlimani mwanakondoo aliyezaliwa kwenye mvua. Akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Bachis, akafunua. Kigoda.

"Si ulikichoma?" Tatana akafoka.

"Nyamaza, mke wangu." Kisha kwa Bachis, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti ile ikiwa ya chini: "Nilikuwa nakikalia. Kizuri. Siku ya moto, jioni, ndipo nilipowaona. Nikahamia jiweni. Sikujua nikupe vipi."

Bachis akapapasa.

"Wawili," akasema.

"Ulinipa wawili."

Bachis alibaki ameshika kile kigoda. Halafu akakohoa.

"Mitamba?"

"Uliniletea mitamba, nami nimekuletea mitamba," Gonariu akasema, sauti yake ya kuita mbwa ikirudi. "Anayebisha awainue mikia!"

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika bonde la pili. Bachis alicheka pia, na nilishangaa kuona bado ana meno mengi.

Mimi sikuweza kuiacha nafasi hiyo ipite. "Lakini shemeji, uliapa umekagua kila bua."

"Nilikagua."

"Kwa miwani?"

"Bila."

"Umeona sasa! Nilikuambia nini? Ungevaa miwani..."

"Ningevaa," akasema Bachis, "ningewaona wote. Ningewarudisha Sa Costera."

Watu waliokuwapo bado wanasimuliana kwamba siku ile Mallena wa tanuri alikosa la kusema.

Majira yale ya baridi vigoda vyenye vifukofuko vilikaa nje, kwenye ukuta wa Bachis unaotazama kaskazini, theluji juu yake, na hakuna aliyethubutu kukiingiza kimoja ndani. Bibi Pascasia alisalia rozari yake juu ya debe. Hata sasa mtu wa Oddorai hakai kabla hajapindua, na mgeni akiona hivyo hudhani tunatafuta kunguni. Shamari ilichipua na mvua za kwanza, kijani juu ya weusi, na mwezi wa Aprili tukavipandisha vigoda Sa Costera tukavipanga katikati yake, viti bila watu, kama mkutano ambao wajumbe wamechelewa.

Siku moja ya Mei Bachis alinijia tanurini, hana pumzi. "Njoo," akasema. Nilipanda mlima ule na unga wangu wote, nikilalamika kila hatua. Alikuwa amesimama mbele ya kigoda cha Gonariu. Juu yake kipepeo, mabawa yameshakauka, ametulia kwenye jua.

"Rangi ikoje, shemeji?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Mimi naona umanjano tu."

Nikaanza kumweleza: ile michirizi, lile vumbi la buluu. Nilipofika kwenye doa jekundu nilijifuta pua kwa aproni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa miwani, akaipuliza makombo, akaivaa. Alitazama kwa muda mrefu, hata baada ya kipepeo kuruka na kuupita ukuta kuelekea malisho ya Gonariu. Kisha akanigeukia mimi, akanikagua toka juu mpaka chini.

"Faghefarina," akasema, "kumbe una unga mpaka kwenye nyusi."

"Miwani umeivaa leo, umeanza matusi leo?"

"Ya kutazamia nitaivaa," akajibu, huku akiivua na kuirudisha mfukoni. "Ya kutengenezea vigoda, hapana."